Matundu Kwenye Ukuta wa Soko

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa ujenzi alinipeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa soko la Baraka unaotazama ziwa. Nilikuwa mwashi kijana, nikidhani nitapewa ndoo ya chokaa. Akanionyesha matofali ya zege yenye matundu, tuliyoyaita klostra, yaliyopangwa kutoka usawa wa kiuno hadi juu.

"Weka mukono hapa," akasema. Upepo ulipita, wa baridi. "Huu unaingia, unasukuma joto litokee kule juu. Kazi yako ni kuuacha upite."

Paa nalo halikuwa la mabati. Lilikuwa zege nyembamba iliyokunjwakunjwa kama karatasi, bila nguzo hata moja katikati, na maji ya mvua yalishukia ndani ya nguzo za pembeni. Nikabakishwa kama fundi wa kulitunza soko, na kila mvua zilipokaribia nilipanda kuzibua mifereji. Wakuu wa soko walibadilika, na kila mmoja aliniuliza ninatafuta nini kule juu.

Wa tatu ndiye aliyenichosha kabisa.

"Ziba yote," akaniambia. "Bamwizi banaingiza mikono mule."

"Chef, joto itabakia ndani."

"We hauko ingénieur. Ziba."

Nikaziba. Nasema wazi, kwa sababu vijana hupenda kusikia kwamba sisi wazee tulikataa. Nilikuwa na watoto sita, sikukataa. Siku nne zilinitosha kumaliza ukuta mzima. Wiki iliyofuata ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, walianza kuvunda mezani, na Mama Riziki, aliyekuwa akiwaleta kutoka Kazimia, akaanguka kwa joto na kupasuka kichwa sakafuni. Nilisaidia kumbeba nje. Alipofungua macho akaniuliza, "Ni we ulifunga dirisha zetu?"

Kesho yake asubuhi, mbele ya watu, nilichukua nyundo nikabomoa kazi yangu mwenyewe. Mkuu hakunigombeza. Aliandika barua tu. Nikahamishiwa Fizi, nikakarabati maofisi na madarasa miaka yote iliyobaki, kule mlimani ambako hakuna aliyehitaji upepo zaidi.

Sasa nimestaafu, nimerudi Baraka. Mara ya kwanza nilipoingia sokoni nilikuta ukuta wa ziwa umefunikwa maturubai. Hakuna mkuu aliyeagiza. Wauzaji waliyatundika wenyewe, na la kwanza mlangoni lilikuwa la Mama Riziki, ambaye siku hizi ameacha samaki.

"Mama, hata weye?"

"Baba, mi niko nauzisha bitenge. Jua inaharibu rangi."

"Na joto?"

"Joto tumeizoea."

Nilipoteza kituo changu kwa ajili ya matundu yale, na mwenye kovu kichwani ndiye aliyeyaziba, kwa kamba nne. Nikaomba ngazi. Tulibishana mpaka wateja wakakusanyika, mwishowe akakubali nilikunje turubai lake hadi nusu. Majirani zake wakacheka, wakaacha yao yalivyo.

Kila siku ya soko namkuta ameliteremsha tena. Napanda, nalikunja, nashuka. Hanisalimu mpaka nimemaliza. Kisha ananisogezea kiti, mahali upepo unapopita.