Jina Ambalo Kuku Hakulitaja

Nilikwenda kijijini Mwamapalala kwa sababu ya kuhani wangu. Naandika riwaya ya mwanamke anayetumikia miungu ya kwao wakati majeshi ya Roma yametwaa nchi yake. Katika sura ya saba jemadari anamlazimisha asome matumbo ya kuku na kumtaja msaliti. Rafiki aliyeisoma alisema kuhani huyo anaongea kama mhadhiri. Iliniuma, kwa kuwa ni kweli. Nikamkumbuka mdogo wa bibi yangu, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mfumu au mpiga ramli anayesoma matumbo ya kuku hadi leo. Sikuwahi kumtazama kazini. Nilishaamua ni uongo.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Somanda kwa bodaboda. Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe pande zote mbili za barabara.

Saa mbili nilipiga goti uani kwake. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Msomi wetu! Umekuja kunipa mtihani?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Basi funga mdomo utazame. Najua itakuuma."

Sijamaliza uji, akaingia Masanja, mfugaji wa jirani, na kuku kwapani. Ndama wake watatu walikuwa wamekufa. Alitaka jina la mchawi, na kila mtu pale alijua jina lenyewe: mjane wa baba yake, anayeishi naye, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Kwetu macho hayo huhesabiwa ya kichawi, na kikongwe wa namna hiyo akitajwa, anaweza kuuawa kabla mavuno hayajaisha.

Masanja alimtemea kuku mate mdomoni, ili kuku abebe habari zake. Mayu akachinja, akapasua, akainama. Hakupiga kelele wala hakugeuza macho. Aligusa utumbo kwa ukucha, akatazama chini ya bawa, akanyamaza mpaka nikasikia nzi. Mimi kuhani wangu nilikuwa nimempa kurasa mbili za maneno hapo.

"Sema tu, mayu," Masanja alisihi. "Nitakuongezea na dume la ng'ombe."

"Jina umekuja nalo mwenyewe. Kuku hana jina. Anasema ng'ombe wako wamekosa mate ya baraka. Mkubwa aliyebaki kwako wa kuwabariki ni nani?"

Masanja akamtazama kuku.

"Ni nani, Masanja?"

"Mke wa baba."

"Akipatwa na lolote, zizi lako limekwisha. Kesho asubuhi nakuja kuona."

Kesho yake tulifika zizini. Bibi alitolewa ndani aking'ang'ania mlango. Alidhani ameitiwa mwisho wake. Masanja akapiga goti, akampa kibuyu cha maji kwa mikono miwili. Bibi akajaza kinywa, akawapulizia ng'ombe maji hayo yenye mate yake, mmoja mmoja. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akampulizia Masanja kichwani. Mwanamume yule alilia. Nami, mwenye maelezo ya kila kitu, nilijikuta nimepiga goti kwenye samadi.

Tukirudi, nilishindwa kujizuia. "Mayu, kuku alisema hivyo kweli?"

"Si ulikuwepo?"

"Na Masanja angekataa?"

"Ningechinja mwingine."

"Akikataa tena?"

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi nina kuku wengi."

Mchana nilipanda bodaboda kurudi Somanda, bado siamini matumbo ya kuku. Nilichojifunza ni kwamba kuhani wangu nilimkosea: nilimpa uwezo wa kujua kila kitu, nikasahau kumpa mtu ambaye yeye angemwokoa.