Sauti ya Njoroge wa Dukani

Enzi zetu wimbo haukutafutwa kwa kidole kwenye simu. Ulingojewa. Sisi wa Msambweni tuliungojea Jumamosi mchana dukani kwa Mama Njoroge, tumekaa juu ya magunia ya mahindi, mihogo ya kukaanga mikononi na pilipili inatutoa kamasi. Redio ilikaa rafuni juu ya sabuni za mche, na betri zake tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu.

Mwaka ule wimbo ulioshika nafasi ya kwanza wiki baada ya wiki ulikuwa wa vijana watano wa Kizungu, wamejipaka mafuta nywele zikalala, wakimlilia mchumba aliyewaacha. Kiingereza chenyewe tulikuwa tunakibahatisha. Njoroge, mtoto wa mwenye duka, aliurekodi kwenye kaseti, na mtangazaji akaingilia mwishoni kutaja saa. Basi nasi tukaukariri wimbo wote, na saa tukaitaja.

Tulikuwa watatu: mimi, Salim na Njoroge. Wazazi wake walitoka bara, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Hata shikamoo ya bibi yangu alikuwa akiniwahi kuitoa. Na sauti alikuwa nayo. Ile sehemu ya katikati, ambapo wote hunyamaza na mmoja akapanda juu peke yake, ilikuwa yake. Siku moja niliijaribu mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Bakari, hapo umenadi samaki."

Mwalimu alikubali tuimbe siku ya wazazi, muhula wa tatu. Likizo ya Agosti tukafanya mazoezi kila jioni nyuma ya duka, na Mama Njoroge akatushonea mashati matatu ya buluu ya kitambaa kimoja.

Ndipo vurugu zikaanza upande wa Likoni, na watu wa bara wakawa wanatishwa waondoke. Sisi watoto tulifungiwa ndani. Siku niliyoruhusiwa kutoka nilikimbilia dukani, nikakuta kufuli. Nikarudi kwa bibi.

"Walipakia lori alfajiri," akaniambia. "Wamekwenda kwao. Mashati yenu mawili wameyaacha kwangu."

"Kwao si hapa, bibi?"

Aliendelea kuchambua mchele, nami niliona kwamba hautazami.

Siku ya wazazi tuliimba wawili, tumevaa mashati yale. Ilipofika sehemu ya Njoroge tulinyamaza. Hatukuwa tumepanga hivyo, ila hakuna aliyeweza kuianza. Wazazi wakacheka wakidhani tumesahau, na mwalimu akawa anatunong'onezea maneno, nayo yalikuwa mabovu kuliko yetu. Salim alitazama chini. Nilimsikia Njoroge moyoni mpaka akamaliza, kisha tukaendelea. Saa hatukuitaja. Tangu siku hiyo Salim nami hatukuimba tena.

Wanangu leo wakinisikia nikisimulia haya hucheka. Wao wimbo huusikiliza nusu, wakarukia mwingine, na maneno yote yameandikwa mbele yao kwenye kioo. Hilo siwaonei wivu. Lakini juzi rafiki wa binti yangu alihamia Nakuru, na kabla basi halijafika Voi walikuwa wameshapigiana simu, wanaonana nyuso, wanacheka. Niliwaangalia, kisha nikatoka nje nikakaa barazani.

Enzi zetu aliyehama alikuwa amehama. Nimemtafuta Njoroge mtandaoni miaka mingi. Jina lake la shuleni lilikuwa Peter, na akina Peter Njoroge wamejaa nchi nzima. Huwafungua mmoja mmoja, nikatazama wanaume wenye vitambi na mvi wamesimama kando ya magari yao. Picha hazinisaidii. Ningemsikia tu, hata akiagiza chai, ningemjua.