Chumba cha Chini, Timbwani

Mama alivunjika nyonga mwaka niliotimiza miaka thelathini na miwili, tukiishi wawili ghorofa ya tatu kule Changamwe. Aliteleza bafuni. Hospitali wakamtia chuma, wakampa fremu ya kutembelea, na siku ya kurudi nyumbani vijana wa jirani wakambeba kumpandisha ngazi. Tangu siku hiyo hakushuka tena kwa miezi kumi na mmoja. Yeye ni mtu wa shamba, mzaliwa wa upande wa Likoni, aliyezoea kukanyaga umande kila alfajiri kabla hajasema na mtu. Sasa ardhi akawa anaitazama kutoka juu, kupitia nondo za dirisha.

Nikaanza kutafuta nyumba. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo bandarini, na gazeti la Jumamosi lilipomalizika kusomwa na wakubwa, mimi nililichukua nikalisoma kuanzia nyuma, kwenye matangazo madogo. Nyumba za kupangisha hazikukosekana. Lakini karibu zote zilijengwa kwa mpango mmoja: chini sebule na jikoni, juu vyumba vya kulala, na chumba kikubwa kuliko vyote, masta, kiko juu penye upepo. Ungedhani wajenzi wa siku zile hawakuwa na mama.

Mama mwenyewe hakunitia moyo wala hakunikataza. Alichofanya ni kuniomba uzi mweusi, akaufunga mafundo mawili. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza, ambapo hapakuzidi urefu wa kidole, ndicho kimo ambacho mguu wake uliweza kuinuka. Kutoka ncha hiyo hadi fundo la pili ndio upana wa fremu yake.

"Usiwaulize watu kama kuna ngazi," akaniambia. "Mwenye miguu haoni ngazi. Wewe pima."

Nilidhani anatania. Kisha nikaenda Mjambere, Kisauni, na dalali mmoja aliyeniapia wallahi kwamba nyumba haina ngazi hata moja. Tulipofika, nikahesabu vidato sita vya kupandia barazani. Nilipomwonyesha, alivitazama kana kwamba vimejengwa asubuhi ile. Hakuwa mwongo. Alikuwa amevipanda mara nyingi mno asivione. Nyumba nyingine, huko huko Kisauni, chumba cha kulala kilikuwa chini kweli, lakini mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kipimo cha fundo la pili. Nyingine karibu na kwetu, chumba cha chini kilikuwa duka zamani, na mlango wake ulifungukia barabarani yanapopita malori. Nikawa kila niendapo naona vizingiti tu: posta, dukani, kwa fundi cherehani. Mji niliozaliwa ulikuwa umejaa kuta fupi ambazo sikuwahi kuzijua.

Ndipo Jumamosi moja nikaona tangazo la maneno machache. Nyumba Timbwani. Chumba kikuu cha kulala kiko chini. Nje hakuna ngazi. Nikalisoma mara tatu. Katika miezi yote ile, hakuna tangazo lililotaja ngazi za nje.

Nilivuka feri ya Likoni kesho yake. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyestaafu uashi, mtu wa hapo hapo, aliyehamia kwa bintiye uchochoro wa pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hakuniuliza kazi yangu wala ya mume. Aliuliza, "Nani asiyeweza kupanda?"

Nikamweleza. Akanipa ufunguo, akabaki nje.

Toka langoni hadi mlangoni palikuwa na mteremko wa saruji, mpana, umechorwa mistari ili mguu usiteleze. Ndani, chumba kilikuwa kikubwa, na kila kitu kilikuwa mahali ambapo sijapata kukiona. Swichi ya taa ilikuwa usawa wa paja langu. Komeo la mlango lilikuwa chini vile vile. Bomba la kushikilia lilizunguka ukuta mpaka bafuni bila kukatika. Na dirisha lilianzia karibu na sakafu na kuishia kifuani pangu, mimi niliyesimama. Nilishika uzi wangu nisijue nipime nini. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kupimwa na mtu mwingine, kwa ajili ya mtu mwingine, kwa uangalifu ulionifanya nipunguze sauti ya pumzi.

Nilipotoka akanieleza. Mkewe alipoishiwa nguvu za miguu, yeye alivunja vidato vya nje na kuta mbili za ndani. Alimketisha mkewe kitini katikati ya vumbi, akampa chaki. Kila mahali mkono wake ulipofika, hapo ndipo alipojenga. Mkewe aliishi chumbani humo miaka sita. Baada ya kumzika, mzee alikifunga, wala hakuingia tena. Wapangaji walikuja, wakataka kuinua madirisha. Aliwarudisha wote.

Siku ya kuhama nilichukua hamali wanne kutoka soko la Kongowea, watu wa kubeba magunia ya viazi. Niliogopa, maana gunia hulitupi kwa upole. Mkubwa wao alipoingia alimwamkia Mama, akamwomba ruhusa ya kumgusa, kisha wakamketisha kwenye kiti cha mbao na kukiinua. Walishuka ngazi zote za ghorofa tatu, wawili mbele wakienda kinyumenyume, wakisemezana kwa sauti ndogo, "kidogo, kidogo." Mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi, alikuwa hajakimaliza. Hakikumwagika.

Chini, kabla ya kumtia garini, aliwaomba wamtue. Akavua ndara, akakanyaga mchanga kwa nyayo zote mbili, akakaa hivyo. Wale wanaume wanne walisimama na jua likiwapiga, na hakuna aliyemharakisha.

Siku ya tatu Timbwani, alasiri, Mama aliniita kutoka kitandani.

"Meli," akasema.

Niliinama dirishani. Niliona ua, na banda la jikoni lisilokuwa na kuta, makuti yake yamening'inia chini na kuziba kila kitu. Akanigongea godoro kando yake, nikaketi. Hapo, macho yalipita chini ya makuti, yakaingia kati ya nyumba mbili za jirani zilizokuwa mteremkoni, yakafika hadi mlango wa bandari. Katika mwanya usiozidi upana wa leso, ubavu wa meli ulikuwa ukipita, mwekundu, taratibu, hauishi. Miaka minane ya ukarani nilikuwa nikizijua meli kwa karatasi zake tu. Sikujua kwamba kitu kikubwa namna ile hupita bila sauti.

Wiki iliyofuata mzee alikuja kutazama lango lililokuwa likikwama. Katika mazungumzo nikamwambia Mama amepata raha na meli zake. Mkono wake ukasimama juu ya bisibisi. Akaniomba niseme tena.

"Mke wangu kila jioni alinieleza," akasema. "Leo imepita ya kijani. Leo imepita yenye watu wameanika nguo. Upande wa juu wa nyumba, nilikolala mimi, unatazama barabara, na huku chini nilisimama dirishani nikaona makuti tu. Nilidhani anasikia honi, mengine anajitungia kwa ugonjwa. Nikamwitikia tu. Miaka sita."

Mama alikuwa anasikia yote. Alijitanda leso, akahamia kitini, akaniita nimwekee mzee kigoda pale penye ubavu wa kitanda. "Mwambie aingie atazame," akasema. Mzee alivua viatu mlangoni, akabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akaketi. Mimi nikasimama nyuma yao. Tulingoja muda mrefu hata nikaona haya kwa niaba yetu sote.

Ikaja meli nyeupe yenye mshipi wa buluu. Kwenye ukingo wa nyuma mtu mmoja alikuwa akikung'uta kitambaa. Mzee aliinama mbele mpaka paji la uso likagusa nondo, akaifuata hadi mwisho wake ulipofichwa na ukuta wa jirani.

"Kumbe alikuwa akinieleza," akasema.

Mama akamtajia meli alizoziona tangu aje, moja moja, kwa rangi zake. Mzee akauliza kuhusu kila moja.

Tulikaa nyumba ile miaka saba. Kufikia mwaka wa pili Mama alikuwa akitembea na fremu hadi langoni kila alfajiri, peku, na majirani walizoea kumwamkia akiwa pale.