Hadithi ya Mteja wa Mama

Kila nikinusa mafuta ya nywele, nakumbuka saluni ya mama, karibu na kituo cha Kawangware 56, Nairobi. Mama alikuwa akisuka, nami nikiwatungia wateja hadithi wasichoke kukaa.

Mteja mmoja alikuwa amemzika mtoto wake. Nilimsimulia kuhusu msichana aliyepotea sokoni, akarudi nyumbani jioni, akabisha mlango.

Mteja huyo aliporudi kusukwa tena, aliiomba hadithi ileile. Nilikuwa nimesahau mwisho wake, nikamwacha msichana sokoni.

"Hapana, si hivyo," alisema. "Ulisema huyo mtoto alifika kwao."

"Iandike basi, usisahau tena," mama akaniambia.

Nilirarua boksi la dawa ya nywele, nikaandika hapo hapo. Nilipomsomea yule mteja, aliniambia, "Rudia pale anapobisha mlango."