Picha za Orina kwenye Dari

Bilhah alikuja Kericho akiwa msichana, akimfuata shangazi yake aliyekuwa mchumaji wa majani chai, na hakurudi kwao Kisii kuishi tena. Aliolewa na Orina kwenye kambi ya wafanyakazi, akamzalia Nelvine hapo hapo, akazoea baridi ya asubuhi na aproni ya plastiki ya wachumaji inayochuruzika maji hadi magotini. Majirani walimjua kwa ukimya wake. Ukimpa habari mbaya anaitikia "sawa," kisha anaendelea kusugua sufuria.

Orina ndiye aliyekuwa msemaji. Mchana alipakia majani kwenye lori, jioni akawatengenezea watu viti na meza. Kitu ambacho hakijakazwa kwa msumari au skrubu, kwake kilikuwa hakijaisha kutengenezwa. Siku lori lilipoteleza kwenye barabara ya murram isiyo na lami na kupinduka, yeye alikuwa amekaa juu ya magunia. Wenzake waliinuka wakajipangusa matope. Yeye alivunjika shingo. Alirudi kutoka hospitalini akiwa mzima kuanzia mabegani kwenda juu tu.

Tangu hapo alilala chali. Wakimwinua kwa mito, kichwa kilimzunguka na pumzi zikamkatika. Runinga yao ilikuwa juu ya kabati upande wa miguu, hakuiona. Aliisikiliza kama redio.

"Nani amefunga?" alikuwa akiuliza wakati wa mpira.

"Wale wa jezi nyekundu," Bilhah anamjibu.

"Timu gani?"

"Sijui, Baba Nelvine. Wanafanana wote."

Wazo la projekta lilimjia kwenye harusi kanisani, walipoonyesha picha za maharusi ukutani. Wengine walitazama maharusi. Bilhah alitazama ule mwanga, akajiuliza kama unaweza kuelekezwa juu. Aliporudi nyumbani akamweleza mumewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Orina alitaka mazungumzo yaendelee. Bilhah alishika simu juu ya uso wake, akimpitishia matangazo ya projekta za bei ya chini, hadi mkono ukachoka.

"Ziko za aina mbili," Orina akasema. "Ile kubwa inakaa mahali pamoja, na hii ndogo ni ya kubeba. Nunua kubwa. Fundi aikaze hapo ukutani iangalie juu. Hiyo ndogo leo iko kwa meza, kesho imeanguka."

"Sawa."

"Ikishakazwa, hata mimi nikienda, itabaki hapo."

Bilhah akaizima simu. Kulikuwa na jambo ambalo Orina hakulijua. Msimamizi wa kambi alikuwa amemwita ofisini akamwambia kwamba mashine sasa ndizo zinazochuma, kundi lake halina kazi tena, na nyumba za kambi ni za walio kazini. Mvua ikiisha, wahame. Aliondoka pale akiwa na nia ya kumwambia mumewe jioni hiyo. Jioni ikafika, akamlisha ugali na mboga, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni. Hakusema.

Nelvine, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alituma pesa, na Bilhah akaenda Bomet. Muuzaji, mwanamume aliyeitwa Kipngeno, alimpeleka nyuma ya duka kulikokuwa na giza, akaziwasha zote mbili. Picha ya ile kubwa ilikuwa safi hata mlango ulipofunguliwa, lakini ilitaka stima wakati wote na feni yake ilivuma. Ile ndogo ilitosha kwenye mikono miwili. Ilikuwa na betri ndani, na shingo ya kuizungusha iangalie popote, ila mwanga wake ulikuwa hafifu na sauti yake nyembamba.

"Mama, nyumba ni yenu ama mtahama?" Kipngeno akauliza.

"Kwa nini unauliza?"

"Hii kubwa ikishapimwa na kukazwa haitaki kuguswa. Ukiihamisha, picha inapinda, unaanza upya. Kama mtahama, chukua ndogo."

Bilhah aliitazama ile kubwa kwa muda mrefu. Kisha akaomba afungiwe ndogo.

"Hiyo si yenyewe," Orina akasema alipoiona.

"Kubwa zilikuwa zimeisha."

Orina alimtazama, hakubisha. Alasiri mvua ya kila siku ilipoanza na chumba kikaingia giza, Bilhah aliiweka projekta kwenye kigoda kando ya kitanda, akaigeuza shingo. Wachezaji wakatokea kwenye dari, wamefifia kidogo pembeni, wakikimbia. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, na mkewe akayafuta kwa ncha ya leso. Siku zilizofuata, jirani yao Edinah alikuwa akija na mkeka wake, analala sakafuni ili naye aone bila kuumwa na shingo.

Orina ndiye aliyeomba kuona nyumbani.

"Mwambie Obure anipigie video ya boma."

Obure alikuwa mdogo wake aliyebaki Kisii. Bilhah alikuwa ameshazungumza naye kwa siri, akimwomba awafagilie nyumba yao, na Obure alikuwa amekubali. Video ilichelewa, ikaja. Bilhah aliiweka bila kuitazama kwanza. Kwenye dari likapita kaburi la mama yao, ukaja mparachichi, ng'ombe, na sauti ya Obure ikieleza hiki na kile. Kisha picha ikapita haraka juu ya mahindi.

"Rudisha," Orina akasema. "Simamisha hapo."

Bilhah akasimamisha.

"Hapo kwa mahindi ndipo nyumba yangu ilikuwa. Na yale mabati ya buluu kwa zizi ni yangu. Niliyapaka rangi mwenyewe."

Bilhah alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakusema "sawa." Hakusema lolote, na ukimya huo ndio uliomfungua Orina macho.

"Ulikuwa unataka twende huko lini?"

"Mvua ikiisha. Wanataka nyumba yao."

"Kwa hivyo ukanunua ya kubeba."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, Mama Nelvine."

"Ulikuwa umefurahi. Ningekuambia wakati gani?"

Walimpigia Obure simu. Hakukana kwamba aliibomoa nyumba. "Nilijua hamtarudi tena," akasema. "Shamba likae bure?" Orina alimwomba mkewe akate simu.

Kaka yake Edinah, Kiptanui, alikuwa na vyumba vya kupangisha Mulot, kando ya barabara ya Narok. Walihama kwa pikapu, Orina juu ya godoro, Edinah akimkinga jua kwa mwavuli. Chumba hakikuwa na dari. Picha ikipigwa juu ilivunjika kwenye mikunjo ya mabati, kila mtu akawa na nyuso tatu. Bilhah akapigilia shuka nyeupe chini ya mbao za paa. Ikasaidia.

Alipata kazi ya kuchambua mahindi kwenye ghala. Asubuhi aliacha projekta ikiwaka, na betri ilipokwisha Orina alibaki akisikiliza malori hadi mkewe arudi kumlisha. Vumbi lilimshika kifua. Vidonda vya mgongoni, ambavyo kambini vilikuwa vidogo, vikachimbika. Muuguzi wa zahanati alisema apelekwe hospitali kubwa. Orina akasema alishakaa hospitali kubwa vya kutosha.

Alifariki mchana, Bilhah akiwa ghalani. Alipofika na chakula, ile shuka ya paani ilikuwa tupu na macho ya mumewe yalikuwa wazi. Aliyafumba, akaketi, na chakula kikapoa mikononi mwake.

Walimzika Kisii. Obure alilazimika kukata mahindi yaliyokuwa bado mabichi ili wapate mahali pa kuchimba, na wanawake waliyakusanya mabua wakawapa ng'ombe. Nelvine alilia hadi watu wakamshika. Bilhah alisimama tu.

Watu walipotawanyika, Obure alimfuata.

"Shemeji, kaa. Hapa ni kwako. Tutakutafutia mahali."

Bilhah alitazama yale mabati ya buluu ya zizi, ng'ombe wakitafuna.

"Jumatatu niko kazini Mulot," akasema, akaenda kumtafuta binti yake.