Njia Tatu za Kumtafuta Mgonjwa

Nimefanya kazi katika miji mingi, na karibu kote kazi imekuwa ile ile: mtu anasimama dirishani, anataka kitu kilichoandikwa zamani, nami nainuka kukitafuta. Nimo katika miaka ya arobaini sasa na magoti yameanza kulalamika. Kila nikivuta droo ya chuma, iwe mji gani, nakumbuka Voi: joto la bati, vumbi jekundu na harufu ya dawa ya kupigia deki.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaandikwa karani wa kadi katika hospitali moja ndogo. Tulikuwa makarani wawili. Mwenzangu alikuwa mtu wa Taveta, mkubwa kwangu, Mwislamu mwenye maneno mengi, na kwake sisi watu wa milimani, juu ya Voi, tulikuwa mzaha usiokwisha.

Kadi za wagonjwa zilikaa kabatini kwa kufuata namba. Ukiwa na namba, kazi imekwisha. Usipokuwa nayo, kulikuwa na safu mbili za droo za vikadi vidogo. Moja ilipangwa kwa majina, nyingine kwa mahali mgonjwa anakotoka. Kila kikadi kiliandikwa namba ya kadi kubwa, nawe ukaifuate kabatini.

Kisha tukaletewa msimamizi mpya kutoka Mombasa. Alikuwa mtu wa bidii, na bidii yake ilituchosha. Alitaka kujua ni njia ipi iliyo ya haraka zaidi, ili zile nyingine azifute. Akaazima saa ya kupimia mbio kutoka kwa mwalimu wa michezo, na kila mchana, foleni ikiisha, alichomoa kadi yoyote kabatini, akaisoma kwa sauti, akairudisha, kisha akatuamuru tuitafute. Mara kwa namba, mara kwa jina, mara kwa mahali. Tulikimbia kati ya droo na kabati huku mashati yametushika mgongoni.

Namba ilishinda kila siku. Jina lilifuata kwa mbali. Mahali palikuwa pa mwisho, maana droo ya kijiji cha Marungu peke yake ilijaa hadi ikawa haifungiki vizuri.

"Bwana," mwenzangu alimwambia siku moja, akihema, "hiyo namba inashinda kwa sababu wewe unaisoma kwenye kadi. Mgonjwa ataisoma wapi? Karatasi tuliyompa ameshaivutia tumbaku."

"Watu wafundishwe kutunza karatasi," akajibu msimamizi, na kurudisha mshale wa saa yake nyuma.

Asubuhi moja mwanamke mmoja alifika na mumewe akiwa amepakiwa nyuma ya pikapu ya kubebea mbuzi. Mume alikuwa na kichomi, anaweweseka kwa homa, kila pumzi inakwaruza. Mama huyo alimwambia daktari jambo moja tu kwa hakika: kulikuwa na sindano ambayo mumewe hapaswi kudungwa tena. Alidungwa hapa hapa, zamani kidogo, akavimba uso na koo, akaponea chupuchupu. Sindano gani, mama hakujua. Karatasi ya namba ilikuwa imepotea.

Daktari alikuja dirishani kwetu mwenyewe.

"Nina dawa mbili za kumfaa," alisema. "Moja ndiyo iliyotaka kumuua. Nitafutieni kadi yake. Lakini sitaweza kungoja sana, mwaona anavyopumua."

Mwenzangu alishika droo za majina, mimi za mahali. Msimamizi alisimama kati yetu, saa mkononi, na sidhani hata alikumbuka kuibonyeza.

"Mama, mwatoka wapi?" nikauliza.

"Mwanda."

Nikavuta droo ya Mwanda, kijiji cha milimani kwetu. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Ningeulizwa mimi, nami ningetaja kilima cha babu yangu, ingawa nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya stesheni. Nilipitia vikadi vya Mwanda vyote, nikarudia tena polepole. Hakuwemo.

Upande wa pili mwenzangu alikuwa ameshika bunda nene kama tofali. Kwetu mtoto huitwa kwa jina la babu yake, naye atakuja kumpa mwanawe jina la baba, na jina linakwenda na kurudi hivyo kizazi kwa kizazi. Kila kikadi kilikuwa na jina lile lile na baba yule yule, na kila kimoja kilimtaka aende kabatini akatoe kadi kubwa atazame umri.

"Nyinyi watu wa milimani mna majina matano tu, mnaazimana," alinung'unika, akirudisha kadi ya mtoto mchanga.

Daktari akachungulia tena. "Bado?"

"Bado."

Mama alikuwa ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili. Hakulia. Alinitazama vidole tu.

Ndipo mwenzangu akaacha bunda lake, akamgeukia. "Mama, samahani. Huko Mwanda mlikwenda lini mara ya mwisho?"

"Tulipomzika mama mkwe."

"Na jana mlilala wapi?"

"Ndara. Si yeye huchunga ng'ombe wa ranchi? Tuko huko tangu mtoto wetu wa kwanza."

"La ilaha!" mwenzangu akapiga paja. "Ndara! Vuta Ndara, bwana!"

Droo ya Ndara ilikuwa nyembamba. Alikuwa karibu na mwanzo. Siku ile ya kwanza bila shaka alikuja peke yake, akamtaja mwajiri wake, na aliyeandika aliandika anakofanya kazi. Nikakimbilia kabatini na namba mkononi. Juu ya kadi, kwa wino mwekundu: asidungwe penisilini.

Daktari aliisoma akiwa anatembea. Bomba la sindano lilikuwa limeshajazwa penisilini ile ile, muuguzi amelishika. Alimwagiza aimwage.

Mgonjwa alikaa wodini muda mrefu, akapona taratibu, amekonda. Msimamizi aliandika ripoti yake wiki hizo hizo. Ilisema namba ndiyo ya haraka kuliko zote, nayo ilikuwa kweli, nikaipiga chapa mwenyewe kwa vidole vilivyochoka bila kuwa na nguvu ya kubisha. Mwenzangu alibisha kwa niaba ya wote wawili, hadi tukaachiwa droo zetu.

Siku ya kuruhusiwa, mama alikuja dirishani. Mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yake, blanketi mabegani.

"Ile kadi ndogo," alisema, "mmeandika Ndara?"

"Ndiyo, mama."

"Andika na Mwanda."

"Lakini nyinyi hamkai huko."

"Najua hatukai. Akifa ndiko nitakompeleka. Andika."

"Na akiwa mzima?"

Aligeuka akamtazama yule mtu kwenye benchi, aliyekuwa akijaribu kufunga kamba ya kiatu na kushindwa, akijaribu tena.

"Akiwa mzima mtafute kwa ng'ombe," akasema, kisha akaenda kumfungia kiatu.

Nikachukua kikadi kipya, nikaandika Mwanda.