Ukoko wa Birika la Mavyaa

Katika miaka ya hamsini nilipewa somo la jiografia kwa majaribio, katika skuli ya wasichana pale Mjini. Mkaguzi akiridhika, somo langu. Asiporidhika, narudi kwenye kudarizi. Na kudarizi nilikuchukia tangu utotoni.

Siku ya ukaguzi iliangukia somo la ngazi za chokaa kwenye chemchemi za maji moto. Unguja hatuzijui. Kitabu kilitoka Ulaya, na theluji nayo kilitueleza kwa ukarimu uleule. Lakini mimi nilikuwa na birika la mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Maji yetu ya kisima hupita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa, na kila yakichemshwa huacha kidogo. Miaka mingi ya chai ilikuwa imejenga mle ndani ukoko juu ya ukoko. Chemchemi nayo ni hivyo hivyo: maji moto hupanda na chokaa ya chini, yakifika nje hewa iliyobanwa ndani yake hutoroka, chokaa ikaganda ukingoni. Ukingo huinuka, maji hufurika, yakajenga ukingo mwengine chini yake, mpaka kilima kizima kinakuwa ngazi za vidimbwi.

Nikamwomba mavyaa birika lake. Akauliza la nini.

"Mkaguzi atazame ndani, Mama."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, mgeni akichungulia chombo chako, amechungulia ukoo wako mzima.

Asubuhi alinikabidhi birika limefungwa kwa kitambaa cheupe. Darasani nilieleza vizuri, najisifu mwenyewe, kisha nikafunua kifuniko mbele ya mkaguzi, bibi wa Kizungu mwenye miwani. Ndani mlikuwa mnameremeta. Hamna ngazi, hamna chokaa. Maji yakanifika shingoni.

Nyumbani mavyaa alikuwa ananingoja mlangoni.

"Nshakusitiri, mwanangu! Ndimu dazani nzima. Ule ukoko ulitoa povu kama soda, ukaondoka wote. Kasemaje Mzungu?"

Mzungu alisema kwenye ripoti aliyoniachia. Hajapata kuona birika safi namna ile, na mwalimu kama mimi ni hasara kumwacha kwenye jiografia. Nikapewa somo la usafi wa nyumba.

Mavyaa akapiga vigelegele. Mimi nikajifungia chumbani nikalia kwa hasira, na kabla sijamaliza nikaitwa nikawapokee majirani waliokuja kunipongeza. Walitaka kuliona birika.